Namna ya Kusoma Ripoti ya Utafiti wa Tiba ya Kongosho na Sehemu ya Juu ya Mfumo wa Chakula

Ripoti ya utafiti wa tiba hutanguliwa na muhtasari wa nusu ukurasa, na wengi wetu huishia hapo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa udaktari, muuguzi, tabibu, au hata ndugu wa mgonjwa anayetaka kuisoma ripoti yenyewe, hasa zile zinazohusu kongosho, umio, tumbo na sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Ushauri nilio nao ni mmoja, na yote yanayofuata ni kuufafanua: kabla ya kuuliza kama dawa ilifaa, uliza ni kitu gani hasa kilichohesabiwa.

Anza na aliyeitwa mgonjwa

Fungua kwanza sehemu ya mbinu, mahali panapoelezwa nani alikubaliwa kuingia katika utafiti na nani aliachwa. Kwa ugonjwa wa kongosho kuvimba ghafla, ambao madaktari huuita pankreatitisi, vigezo vinavyotumika sana ni vile vya Atlanta vilivyorekebishwa mwaka 2012. Mgonjwa anatakiwa awe na angalau mambo mawili kati ya matatu: maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo yenye sura ya ugonjwa huo, kimeng'enya, yaani kemikali ya kusaga chakula, cha lipasi au amilasi kilichopanda katika damu hadi kufikia angalau mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida, na dalili za ugonjwa zinazoonekana katika picha ya CT, MRI au ultrasaundi. Laweza kuonekana jambo dogo, lakini tazama linavyofanya kazi. Mgonjwa aliyevumilia maumivu nyumbani kwa siku nne kabla ya kufika hospitali anaweza kukutwa amilasi yake imekwisha kushuka, kwa kuwa amilasi hurudi chini mapema kuliko lipasi. Na yule ambaye ugonjwa wake umetokana na mafuta yaliyozidi mno katika damu anaweza kuonyesha amilasi ya kawaida tangu siku ya kwanza. Utafiti uliotegemea amilasi peke yake umewaacha watu hao nje, na matokeo yake hayawahusu hata kama kichwa cha ripoti kinataja wagonjwa wa kongosho kwa ujumla.

Kwa bakteria wa Helicobacter pylori, ambao Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha jinsi wanavyohusika na vidonda vya tumbo, swali ni la muda. Kipimo cha pumzi kinaweza kutoa jibu la uongo kwamba bakteria hawapo ikiwa mgonjwa bado anatumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli. Ndiyo maana hutakiwa kuziacha kwa wiki 2 hivi, na antibiotiki kwa wiki 4, kabla ya kupimwa. Ripoti inayodai kwamba tiba fulani iliwaangamiza bakteria hao, bila kueleza kipimo kilifanyika siku ngapi baada ya kidonge cha mwisho, mimi huiweka kando, kwa sababu huenda bakteria walikuwa wamenyamazishwa tu kwa muda.

Kilichohesabiwa, na ambacho hakikuhesabiwa

Kila jaribio la tiba lililopangwa vizuri huwa na kipimo kikuu cha matokeo, yaani jambo moja ambalo watafiti waliapa tangu mwanzo kwamba ndilo litakaloamua. Tangu mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba wamekuwa wakitaka jaribio lisajiliwe hadharani kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa. Itafute namba ya usajili, ambayo kwa kawaida huandikwa mwishoni mwa muhtasari, kisha ulinganishe kilichoahidiwa na kilichoripotiwa. Kama kipimo kikuu kilichosajiliwa kilikuwa vifo na ripoti inatangaza kwa shangwe kushuka kwa kiwango cha kimeng'enya katika damu, unayo haki ya kushuku.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye jedwali la vifo na madhara, hata kabla ya kusoma maelezo ya waandishi. Mfano ninaoutumia kila mara kufundishia tabia hii ni utafiti wa PROPATRIA wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 298 ambao pankreatitisi yao ilitabiriwa kuwa kali waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wapewe mchanganyiko wa bakteria rafiki kupitia mrija wa kulishia, wengine wapewe plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani. Wazo lilikuwa la kuvutia, kwamba bakteria rafiki wangewazuia wale wabaya kuvuka ukuta wa utumbo na kuambukiza kongosho lililokufa. Kipimo kikuu kilikuwa maambukizi, na hapo makundi mawili yalikaribiana sana, asilimia 30 kwa 28. Lau msomaji angeishia hapo angesema tiba hiyo haina faida wala hasara. Jedwali la vifo linasema jambo jingine: walikufa wagonjwa 24 katika kundi la bakteria rafiki, sawa na asilimia 16, na 9 katika kundi la plasebo, sawa na asilimia 6. Wagonjwa 9 wa kundi la kwanza walipata tatizo la utumbo kukosa damu, na katika kundi la pili hakuna hata mmoja. Kitu kilichodhaniwa kuwa salama kabisa kiliambatana na vifo zaidi ya maradufu, na habari hiyo haikuwa ndani ya kipimo kikuu.

Utafiti wa WATERFALL wa mwaka 2022 unafundisha somo hilo kwa upande mwingine. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa mgonjwa wa pankreatitisi anyweshwe maji mengi ya mshipa mapema iwezekanavyo. Watafiti walilinganisha dripu nyingi na dripu ya wastani, wakitaka kujua ni wangapi wangeingia katika ugonjwa wa kiwango cha kati au kikali. Walisimamisha utafiti wakiwa na wagonjwa 249 tu, kwa sababu asilimia 20.5 ya waliopewa maji mengi walizidiwa na maji mwilini, ilhali kwa wenzao ilikuwa asilimia 6.3, na wala hapakuonekana nafuu yoyote katika kipimo kikuu ya kufidia hasara hiyo. Kumbuka hapa kwamba ukali wenyewe una maana maalumu: kwa vigezo vya Atlanta, ugonjwa huitwa mkali pale tu viungo kama mapafu, figo au moyo vinaposhindwa kufanya kazi kwa zaidi ya saa 48. Mgonjwa anayegaagaa kwa maumivu na ambaye lipasi yake imepanda mara thelathini anaweza kuwa na ugonjwa mwepesi, kwani kiwango cha lipasi hakitabiri ukali. Ripoti inayopima mafanikio kwa kushuka kwa lipasi imepima kitu ambacho mgonjwa hakihisi.

Jihadhari pia na kipimo kinachokusanya mambo mengi katika kapu moja. Katika utafiti wa PANTER wa mwaka 2010, wagonjwa 88 wenye kongosho lililokufa na kuambukizwa, au lililoshukiwa kuambukizwa, waligawanywa kati ya upasuaji wa kufungua tumbo na njia ya hatua kwa hatua, inayoanza kwa kutoboa na kuchuja usaha kwa mrija. Kipimo kikuu kilijumuisha kifo pamoja na matatizo makubwa, nacho kilishuka kutoka asilimia 69 hadi 40. Hayo ni mafanikio ya kweli, na yamebadilisha namna wagonjwa hawa wanavyotibiwa. Hata hivyo ukilifumua kapu utaona kwamba vifo vyenyewe vilikuwa asilimia 19 katika njia ya hatua kwa hatua na 16 katika upasuaji, tofauti isiyothibitisha chochote kwa idadi ndogo kama ile. Anayemwambia mgonjwa kwamba njia mpya inapunguza vifo amelisoma kapu na kuacha vilivyomo. La haki kumwambia ni kwamba inapunguza matatizo makubwa, na kwamba asilimia 35 ya waliotibiwa kwa njia hiyo hawakuhitaji zaidi ya mrija.

Mgawanyo wa bahati nasibu na nguvu ya kuamini

Hapa naweza kuwa mfupi. Tafuta maelezo ya jinsi wagonjwa walivyogawanywa, na kama aliyewaingiza aliweza kujua mapema ni kundi gani linafuata, maana daktari anayejua hilo huweza, hata bila kukusudia, kumwelekeza mgonjwa dhaifu upande anaoupenda. Kisha angalia kama waliopima matokeo walijua nani kapewa nini. Kwa kifo hilo si muhimu sana. Kwa kiungulia, tumbo kujaa gesi na maumivu ya chembe ya moyo ni muhimu kupita kiasi, kwa kuwa katika majaribio mengi ya tumbo kusumbua bila kidonda wala uvimbe unaoonekana kwa endoskopia, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni, theluthi moja hivi ya wagonjwa hupata nafuu kwa plasebo peke yake. Dawa ya kiungulia iliyojaribiwa bila kundi la kulinganisha itaonekana nzuri hata kama ni unga mtupu.

Ukubwa wa utafiti nao usiupuuze. Dawa ya kugandisha damu ya asidi ya traneksamiki ilionekana, katika tafiti ndogo ndogo zilizojumlishwa pamoja, kupunguza vifo vya watu wanaotokwa na damu tumboni. Utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020, uliokusanya wagonjwa 12,009, haukuikuta faida hiyo: waliokufa kwa kutokwa na damu katika siku 5 za kwanza walikuwa asilimia 4 katika kila kundi, na damu kuganda ndani ya mishipa ya vena ikatokea mara mbili zaidi kwa waliopewa dawa, asilimia 0.8 kwa 0.4.

Geuza asilimia ziwe watu

Chukua kalamu. Endoskopia ya mirija ya nyongo na ya kongosho, inayojulikana kwa kifupi chake ERCP, inaweza yenyewe kusababisha pankreatitisi. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 602, wengi wao wakiwa katika hatari kubwa, ambao baada tu ya kipimo hicho walipewa ama indometasini ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, ama plasebo. Walioumwa kongosho baadaye walikuwa 27 kati ya 295 kwa waliopewa dawa, na 52 kati ya 307 kwa wengine. Hizo ni asilimia 9.2 na 16.9. Ripoti inaweza kusema, bila kudanganya, kwamba hatari ilipungua kwa karibu nusu. Wewe toa 9.2 kwenye 16.9, upate 7.7, kisha gawanya 100 kwa 7.7: ni 13. Maana yake watu 13 wa namna ile wanapewa dawa ili mmoja aepushwe na ugonjwa. Kwa dawa nafuu ya dozi moja hayo ni matokeo mazuri sana. Kwa upasuaji mkubwa yangehitaji kufikiriwa upya. Fanya hesabu hiyo kila unapokutana na maneno "ilipunguza hatari kwa nusu", kwa sababu nusu ya 2 katika 1,000 pia ni nusu.

Saratani na mtego wa muda

Katika saratani ya kongosho kipimo kinachoaminika zaidi ni muda wa kuishi kuanzia siku ya mgawanyo. Kipimo cha muda kabla ugonjwa haujasonga mbele hupatikana mapema zaidi na kwa hiyo hupendwa, lakini viwili hivyo havitembei pamoja daima. Katika utafiti wa POLO wa mwaka 2019, kwa wagonjwa wenye mabadiliko ya kurithi ya jeni za BRCA, dawa ya olaparibu ilirefusha muda kabla ya saratani kusonga kutoka miezi 3.8 hadi 7.4, ilhali muda wa kuishi haukutofautiana. Kwa upande mwingine, utafiti wa Ufaransa na Kanada wa mwaka 2018 uliolinganisha mchanganyiko uliorekebishwa wa dawa za FOLFIRINOX na dawa ya gemsitabini, baada ya upasuaji, ulionyesha wastani wa kati wa kuishi, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ukipanda kutoka miezi 35.0 hadi 54.4. Ripoti hizi mbili zisisomwe kwa jicho moja.

Mtego mwingine uko katika tafiti za uchunguzi wa mapema. Tuseme mtu angekufa kwa saratani hiyo mwezi Desemba. Akigunduliwa Oktoba kwa sababu ya manjano, ataandikwa kuwa aliishi miezi 2. Akigunduliwa Januari kwa picha, ataandikwa kuwa aliishi miezi 11, hali siku ya kufa ni ile ile. Ukiona uchunguzi wa mapema unasifiwa kwa muda wa kuishi tangu kugunduliwa, tafuta idadi ya waliokufa katika kundi zima lililochunguzwa na katika lile ambalo halikuchunguzwa.

Rudi kwa mgonjwa wako

Hatua ya mwisho ni kumweka mgonjwa uliye naye mbele ya orodha ya walioachwa nje. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2020 uliwalinganisha wagonjwa 516 waliokuwa wakitokwa na damu tumboni na waliotabiriwa kuwa katika hatari kubwa: endoskopia ndani ya saa 6 baada ya kuonwa na daktari bingwa, au kati ya saa 6 na 24. Waliokufa katika siku 30 walikuwa asilimia 8.9 katika kundi la haraka na 6.6 katika kundi lililosubiri, kwa hiyo haraka haikusaidia. Wengi wamelichukua hilo kuwa ruhusa ya kungoja mpaka asubuhi. Lakini wagonjwa ambao shinikizo lao la damu liligoma kupanda baada ya huduma ya kwanza hawakuingizwa kabisa katika utafiti ule, na kama aliyelala mbele yako saa nane usiku ni mmoja wao, ripoti hiyo haikuandikwa juu yake.