Slashi ya mwisho kwenye @base: anwani fupi inavyogeuka kuwa kamili

Wadau wa Arusha na Moshi mnaoandika data za masoko kwa Turtle (namna ya kuandika data za RDF, yani data ambazo kila kitu kinatajwa kwa anwani ya wavuti), hii @base, yani mstari unaotaja anwani ya kuanzia ambayo anwani fupi za faili zinakamilishwa nayo, naomba tuielewe vizuri, maana ukiikosea faili linasomeka freshi bila erori yoyote alafu soko la Kilombero linaenda kukaa kwenye anwani nyingine kabisa, na hutajua mpaka siku unaunganisha data yako na ya mwenzako wa Moshi mnakuta hazikutani.

Tuseme juu ya faili umeandika hivi:

@base <http://example.org/arusha/masoko> .
<kilombero> <#bei> 1200 .

Wengi hapo wanategemea kupata http://example.org/arusha/masoko/kilombero. Hupati hiyo. Parsa (programu inayosoma faili) inachukua besi, yani anwani uliyoiweka kwenye @base, inafuta kila kilichopo baada ya slashi ya mwisho, yani neno masoko lote linaondoka, ndo inabandika kilombero, kwahiyo unapata http://example.org/arusha/kilombero. Besi inahesabiwa kuwa anwani ya faili, na kilombero anachukuliwa kama faili jingine la folda ileile. Ukitaka masoko ibaki, malizia na slashi: <http://example.org/arusha/masoko/>.

Ila angalia na ile #bei kabla hujakimbilia kuweka slashi. Kinachoanza na hashi hakifuti njia, kinabandikwa mwisho wa besi yote, kwahiyo mwanzo ilikuwa http://example.org/arusha/masoko#bei na sasa imekuwa masoko/#bei, na kwa RDF hizo ni anwani mbili tofauti kabisa hata kama kwa macho zinafanana. Kwahiyo amua slashi siku ya kwanza, usije kuibadilisha baada ya watu kuanza kutumia data yako.

Nyingine tupitie harakaharaka, besi ikiwa ile yenye slashi. </moshi/mbuyuni> inaanzia kwenye jina la tovuti, inatoa http://example.org/moshi/mbuyuni. <../moshi/mbuyuni> inapanda folda moja tu, unaishia arusha/moshi/mbuyuni, ambayo sidhani kama ndo ulitaka, hapo unahitaji ../ mbili. <?mwaka=2024> inaacha njia ilivyo. <> tupu ni besi yenyewe, hiyo nzuri sana kwa kuelezea faili lenyewe, nani kaliandika na lini. Kanuni zote hizi ziko RFC 3986 (waraka rasmi wa kanuni za anwani za wavuti) ya Januari 2005, sehemu ya 5, na ndo zilezile za linki za kawaida kwenye kurasa za wavuti.

Kosa ninaloliona sana ni kuweka hashi mwisho wa besi, @base <http://example.org/arusha/masoko#>, mtu akidhani <kilombero> itafuata baada ya hashi. Hashi ya besi inatupwa, haihesabiwi kabisa. Ukitaka kubandika tu bila mahesabu, hiyo ni kazi ya prefiksi, yani kifupi kinachosimama badala ya mwanzo wa anwani:

@prefix m: <http://example.org/arusha/masoko#> .

Hapo m:kilombero inatoa masoko#kilombero, imeunganishwa moja kwa moja.

Na usipoweka @base kabisa? Parsa inatumia anwani ilikolichukua faili, na kama liko kwenye laptop yako utaona file:///home/ na jina lako la kompyuta ndani ya data, mwenzako Moshi akisoma faili hilohilo anapata majina mengine. Kwenye RDFLib (maktaba ya Python ya kusoma RDF) unaweza kumpa besi kwa g.parse("masoko.ttl", publicID="http://example.org/arusha/masoko/"), ila faili likiwa na @base yake, ya ndani ndo inashinda. Wa JSON-LD (RDF iliyoandikwa kwa JSON) nanyi: @base ikiwa kwenye konteksti ya mbali, yani maelezo ya majina yaliyo kwenye faili jingine linaloitwa kwa linki, haisomwi, iandike ndani ya faili lenyewe.

Kabla hujamtumia mtu, geuza kwenda N-Triples (namna nyingine ya kuandika RDF, mstari mmoja kwa kila taarifa) kwa riot, programu ya Apache Jena, maana kule anwani fupi haziruhusiwi kabisa, kila kitu kinatoka kirefu:

riot --output=ntriples masoko.ttl

Soma mistari michache ya mwanzo kwa macho, ukiona file:/// au neno masoko limepotea, rudi kwenye @base.