Stoo ya dagaa kuwa vyumba vya wageni: projekti ya interia (kupanga ndani ya jengo) hatua kwa hatua

Kama umepewa projekti ya kubadili jengo la kazi liwe sehemu ya kulala wageni na uko Kigoma, huna haja ya kuhangaika na mifano ya mbali, shuka Kibirizi, ufukweni Ziwa Tanganyika. Boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, zinaanzia pale, watu wanafika jioni wanatafuta pa kulala. Mi nikiwa chuo nilichukua stoo ya dagaa, ndani mita 12 kwa 6, bati juu, upande mrefu unatazama ziwa. Ntakueleza nilivyofanya na pale nilipokosea.

Hatua ya 1: Pima, halafu kaa
Chukua tepu na mwenzako wa kushika upande wa pili, pima kuta, milango, unene wa ukuta, urefu mpaka kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Chora kwa skeli ya 1:50, yaani sm 2 kwenye karatasi ni mita 1. Ukimaliza usiondoke, kaa humo ndani saa nane mchana ukiwa umefunga mlango, alafu rudi usiku. Stoo ilijengwa kwa ajili ya magunia na gunia halitoki jasho, kwa hiyo joto utakalolisikia pale ndo kazi yako yenyewe, rangi na mapazia vitafuata.

Hatua ya 2: Jua na upepo
Hapa ndo pa kutulia. Kigoma ziwa liko magharibi, kwa hiyo upande wenye mandhari nzuri, machweo na milima ya Kongo kwa mbali, ndo huohuo unaopigwa na jua la mchana mpaka jioni. Ukiweka kioo kikubwa bila kivuli mgeni atafunga pazia na ziwa asilione kabisa. Toa baraza lenye paa la mita 2 hivi mbele ya dirisha, na jua la jioni likishuka chini linapita chini ya paa, kwa hiyo ning'iniza na chiki, yaani mapazia ya matete ya kukunja.
Upepo nao una ratiba yake, mchana unatoka ziwani, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kila chumba kinataka matundu pande zote mbili.

Hatua ya 3: Gawa vyumba
Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na vyumba 6, korido katikati, nikaona nimetumia nafasi vizuri kweli. Mwalimu akauliza swali moja tu, usiku upepo utapita wapi? Sikuwa na jibu, sababu korido ilikuwa imekata njia, kila chumba kilibaki na dirisha upande mmoja. Nikafuta yote, nikatoa korido nikabaki na vyumba 3 vinavyotoka ukuta wa ziwani mpaka ukuta wa nchi kavu. Hesabu: mita 12 toa kuta mbili za sm 15, inabaki 11.7, gawa kwa 3, kila chumba mita 3.9 kwa 6. Choo na bafu, mita 1.5 kwa 2, vyote upande wa nchi kavu ili mabomba yafuate njia moja na shimo la maji machafu likae mbali na ziwa. Upande huohuo mlango wa sm 90, na pembeni yake, ukitoa choo na ukuta wake, inabaki karibu mita 1.35 ya dirisha. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinaenea na nafasi ya kuzunguka ipo.
Kuta za kugawa zipande mpaka kwenye bati, zikiishia kwenye dari mgeni atasikia jirani anavyokoroma.

Hatua ya 4: Harufu na unyevu
Usipake rangi kwanza! Mafuta ya samaki yanaingia kwenye sakafu na plasta ya chini, ukifunika na vigae siku ya joto harufu inarudi. Mi niliandika kwenye maelezo: bandua plasta mita 1 kutoka chini, chimbua tabaka la juu la sakafu, osha kwa maji ya moto na sabuni, piga plasta na sakafu upya, acha ikauke wiki 4 ndo upake. Kupima unyevu gundisha nailoni ya sm 50 kwa 50 sakafuni, ukiikuta na matone kwa ndani kesho yake, maji yanapanda kutoka chini.

Hatua ya 5: Dari na vifaa
Dari ifuate mteremko wa bati, usiishushe, joto lipande juu litokee kwenye matofali ya matundu yenye wavu wa mbu. Vifaa chukua vya hapahapa: mbao za mitumbwi iliyochakaa kwa kichwa cha kitanda, mikeka, vitenge kwa mapazia. Nyavu za kuning'iniza ukutani mi siziungi mkono, zinashika vumbi na hazimsaidii anayelala.

Hatua ya 6: Kuwasilisha
Taja kwamba kubadili matumizi ya jengo kunataka kibali cha halmashauri. Alafu bandika seksheni moja kubwa, yaani mchoro unaoonyesha jengo limekatwa kutoka ziwani mpaka nchi kavu, weka mishale ya upepo wa mchana kwa rangi moja na wa usiku kwa rangi nyingine, na mtu amelala kitandani katikati yake.