Goti la 1979: somo la kuishi na maumivu ya majeraha ya zamani

Salaam wazee wenzangu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea. Mmeniomba niandike kwa mpangilio yale ninayoyasema kila tukikutana kwenye foleni ya benki, basi someni taratibu, na maswali yenu nimeyajibu huko chini.

Mimi si daktari. Nilikuwa askari wa miguu, na ni mguu uliopata taabu. Machi 1979, katika vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, kwenye barabara ya Lukaya inayokatiza vinamasi kutoka Masaka kwenda Kampala, vipande vya bomu viliingia juu ya goti langu la kushoto. Kikubwa kilitolewa. Vidogo vitatu vimo hadi leo, na kwenye picha ya eksirei vinaonekana kama punje za mtama. Nilikaa miaka ishirini na kitu bila kuvikumbuka. Kisha goti likaanza kukaza asubuhi, nikawa natembea kwa kulikwepa, na kwa kulikwepa huko nyonga ya kulia na kiuno navyo vikajiunga na mgomo.

Nilichofanya ni kile tulichofundishwa depo, kambi ya mafunzo ya jeshi: kaza, songa mbele, atakayelia ni mwanamke. (Mke wangu akisoma hapa atacheka, maana amezaa watano na sikuwahi kumsikia akilia kama mimi ninavyolilia goti.) Kukaza kulitufikisha Kampala tarehe 11 Aprili. Kwenye shamba la mahindi hapa Makambako kulinifikisha kitandani.

Hatua ya kwanza: daftari

Nunua daftari dogo la shule. Kwa siku 14 andika mambo manne tu: saa, kazi uliyokuwa unafanya, ukali wa maumivu kutoka 0 hadi 10, na usiku ulilalaje. Usiandike hadithi.

Mimi nilikuwa naapa kwamba adui yangu ni baridi. Mnaoijua Makambako mwezi wa sita na wa saba mtanielewa. Daftari likaniumbua. Siku zote za alama 8 na 9 zilikuwa kesho yake baada ya kulima zaidi ya saa moja mfululizo. Baridi ilikuwa inaongeza chumvi tu. Daktari naye alipoliona lile daftari alinisikiliza kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu mgonjwa anayesema "naumwa goti" ni mmoja wa mia kwa siku, ila anayekuja na tarehe na saa hamwoni mara nyingi.

Hatua ya pili: kazi ipimwe kwa saa

Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Maumivu yakishapita miezi mitatu madaktari huyaita sugu, na mara nyingi hayatoi taarifa sahihi tena. Fikirini mlinzi wa zamu aliyevamiwa usiku mmoja. Tangu siku ile hata paka akipita anapiga kelele "Simama! Nani wewe?" Mishipa ya fahamu inafanya vivyo hivyo. Jeraha lilishafunga, lakini mlinzi hajatulia. Maumivu ni ya kweli, msimruhusu mtu awaambie mnajifanya. Ila kuuma hakumaanishi kila mara kwamba kuna kitu kipya kinaharibika.

Basi ukingoja maumivu yakwambie upumzike, umechelewa. Na siku ukiamka vizuri ukasema "leo nimalize shamba lote", umejinunulia siku tatu za kulala. Dawa yake ni hii: tazama kwenye daftari unaweza kulima dakika ngapi kabla hali haijachafuka. Kama ni 30, anza na 20. Weka kengele kwenye simu. Ikilia, jembe chini, hata kama umebakiza mashina manne. Kaa, kunja na kunyoosha mguu dakika kumi, kisha rudi. Baada ya wiki mbili ongeza dakika mbili au tatu. Siku nzuri usizidishe, na siku mbaya usilale kutwa, fanya nusu.

Yale mashina manne yalinitesa kuliko goti. Mwezi wa kwanza mke wangu alikuwa anakuja kusimama kwenye kichwa cha tuta, mikono kiunoni: "Baba, simu imelia." Sasa nalima ekari moja ya mahindi na maharage, polepole, na sijalazwa kitandani na goti tangu msimu wa mwaka juzi.

Hatua ya tatu: misuli ifanye kazi

Goti lisilotumika misuli yake inasinyaa, na misuli ikisinyaa mzigo wote unakaa kwenye kiungo. Asubuhi kanda kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto au chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga, dakika 15. Yasiwe ya kuunguza, hasa mwenye kisukari au ganzi, maana hutasikia unavyoungua. Goti likivimba ghafla baada ya kuteguka, hapo tumia kitu cha baridi.

Kisha kaa kwenye mkeka, mguu umenyooka. Viringisha kanga, iweke chini ya goti, ikandamize kwa nyuma ya goti huku ukihesabu hadi tano. Achia. Mara kumi, mchana na jioni tena. Ukizoea, kaa kwenye kiti imara na usimame bila kushika kitu, mara tano hadi kumi. Likiuma kidogo wakati wa zoezi si neno. Likiuma zaidi hadi kesho yake, ulizidisha, punguza. Anayeweza kumpata mtaalamu wa mazoezi tiba hospitali ya mkoa aende hata mara moja, amwonyeshe anavyotembea.

Fimbo inashikwa mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Nimeona wazee kibao wanaishika kinyume. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na mkono umening'inia. Na kilo za tumboni zinahesabika pia: ukipunguza kilo moja, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Hatua ya nne: dawa

Paracetamol ya miligramu 500: vidonge viwili kwa mara moja, visizidi 8 kwa saa 24. Ukiwa mwembamba, mnywaji, au ini lako lina shida, kiwango chako ni kidogo zaidi, muulize daktari. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, usije ukahesabu mara moja ukameza mara mbili.

Diclofenac, ibuprofen na meloxicam ni ndugu wa ukoo mmoja. Usimeze wawili kwa pamoja. Zinasaidia, lakini kwa umri wetu zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuchosha figo. Mimi nilizimeza kama karanga miaka minne, hadi siku nilipopata choo cheusi kama lami, dalili ya damu kuvuja tumboni. Zile za kupaka ni salama zaidi kwa goti.

Halafu kuna vile vifuko vya "dawa mchanganyiko", vidonge vya rangi nne visivyo na jina, au unga wa "dawa ya mifupa" wa mnadani. Ukiona maumivu ya miaka kumi yameisha kwa siku mbili, shuku kwamba kuna steroidi humo, yaani dawa kali za kuzima uvimbe. Uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalika. Na ukiwa umeitumia muda mrefu, usiikate ghafla bila daktari, hiyo nayo ni hatari. Dawa isiyo na jina usiimeze, basi.

Usiku

Mto katikati ya magoti ukilala ubavu. Chai kali mwisho alasiri. Kuna wenzetu ambao maumivu huja na ndoto za vitani, wakiamka wamelowa jasho. Hilo nalo ni jeraha na lina tiba, mwambie daktari kama unavyomwambia habari za goti.

Usingoje daftari wala kengele ukiona haya: kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi sehemu za siri, mguu kulegea ghafla, kiungo kuwa chekundu na cha moto pamoja na homa, au kukonda bila sababu. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya wanakikundi

Sajenti mstaafu, Tarime: Afande, mimi nachomwa sindano ya diclofenac kila Jumamosi duka la dawa hapa sokoni. Napata nafuu hadi Jumatano. Kuna ubaya?

Upo. Kupita kwenye sindano hakuokoi tumbo wala figo, dawa ikishaingia kwenye damu ni ile ile. Sindano nayo ikipigwa vibaya inaweza kuumiza mshipa wa fahamu wa makalio, ukapata mguu wa pili wa kuuguza. Nenda kapime presha na figo wiki hii, na uwaambie umechomwa kwa muda gani. Usione haya.

Mama Neema, Dodoma: Shikamoo baba. Mume wangu alikatwa mguu chini ya goti, kazini jeshini. Usiku anasema vidole vinamuuma, vile ambavyo havipo. Ndugu zake wanasema ni mambo ya kishirikina.

Marahaba mwanangu. Si uchawi, na mumeo hajachanganyikiwa. Ubongo bado una ramani ya mguu ule, unaendelea kuuita na haujibiwi. Huwapata wengi sana waliokatwa kiungo. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana hapo, zipo za mishipa ya fahamu, kama amitriptyline kwa kipimo kidogo usiku, ila hizo ni za daktari kuandika. Lipo pia zoezi la kioo: anakaa, kioo kirefu kinasimamishwa katikati ya miguu ili mguu mzima uonekane kama miwili, kisha anachezesha vidole taratibu huku anatazama kioo. Kwa baadhi ya watu maumivu hupungua. Wengine zoezi hilo huwaliza mara ya kwanza, kwa hiyo kaa naye.

Kijana wa Kongo, Morogoro: Mzee shikamoo. Nilikuwa Kivu na kikosi cha Umoja wa Mataifa, nikaumia kiuno gari lilipoacha njia. Sasa naendesha bodaboda, ndiyo riziki. Nikiacha watoto watakula nini?

Sikwambii uache. Shuka kwenye pikipiki kila baada ya abiria wawili au watatu, simama, jinyooshe, tembea hadi kwenye mti na kurudi. Fundi akutazamie shokomzoba za nyuma, zikifa mgongo wako ndio unaofanya kazi yake. Usibebe magunia. Na kama ganzi inashuka hadi unyayoni, kapige picha ya kiuno hospitali kabla ya msimu wa mvua na mashimo.

Jirani, Njombe mjini: Mzee, ulanzi (pombe ya mianzi) kidogo jioni hausaidii?

Unasaidia kulala saa mbili, kisha saa nane usiku uko macho na goti linakuuliza ulikuwa wapi. Ukiwa umemeza diclofenac au tramadol (dawa kali ya maumivu), hata "kidogo" sikishauri.

Koplo mstaafu, Bukoba: Nimeandikiwa kipimo cha MRI. Mimi pia nina vipande mwilini. Niende?

Kabla hujalala kwenye ile mashine waambie, na uwaambie mara ya pili hata kama umeandika kwenye fomu. Ni sumaku kubwa, chuma kinaweza kusogea au kupata moto. Watakupiga eksirei kwanza waone vipo wapi. Mimi walinibadilishia nikafanyiwa CT, kipimo cha mionzi kisicho na sumaku. Na kama kipande ni cha risasi na kimekaa ndani ya kiungo chenyewe, uliza kuhusu kupima madini ya risasi kwenye damu, huwa yanayeyuka kidogo kidogo humo.

Bibi wa Kyela: Choo chetu ni cha shimo. Babu akichuchumaa hanyanyuki, naitwa kumvuta. Tufanyeje?

Chukueni kiti cha plastiki kisichoyumba, kikatwe tundu katikati, kingo zisuguliwe kwa msasa zisimchane, kisha kisimamishwe juu ya shimo. Kama babu ni mzito, fundi seremala atengeneze cha mbao, kimo sentimita 45 hivi. Ukutani apigilie mti wa kushikia upande wa mguu mzima. Cha kwangu nilimlipa fundi kwa debe la maharage.