Jinsi ya kuomba kibali cha kuhamisha mfumo kwenda toleo jipya, na orodha ambayo lazima uiambatanishe

Mara ya kwanza dokezo langu lilipita kwa siku 3 tu. Niliandika faida: usalama, kasi, toleo ambalo bado linatunzwa. Meneja akasaini, Jumamosi usiku tukahama. Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi kina mama wa vikundi kutoka Uyole walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi, na karani akaniita kwa sauti ya chini: ukurasa wa vikundi haufunguki. Marejesho ya siku hiyo yaliandikwa kwenye daftari hadi jioni, na ikabidi turudi toleo la zamani tuombe kibali upya. Mama mmoja alininyooshea kadi yake ya marejesho akauliza, "Mwanangu, hela yangu ya leo imeingia au haijaingia?" Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo limenifanya niandike mwongozo huu.

Sisi ni chama cha akiba na mikopo hapa Mbeya, tuna ofisi ndogo Tukuyu na Mbalizi. Mfumo wetu umeandikwa kwa PHP (lugha ya kuandikia programu), na data ziko kwenye MySQL (programu ya databesi). Seva ilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 18.04, yaani PHP 7.2 na MySQL 5.7. Toleo hilo la Ubuntu lilimaliza muda wake wa kawaida wa matunzo mwaka 2023, kwa hiyo kuhama ilikuwa lazima. Tulikuwa tunakwenda Ubuntu 24.04, ambayo ina PHP 8.3 na MySQL 8.0. Kama mfumo wenu ni wa aina nyingine, majina yatabadilika lakini njia ni hii hii.

Kabla hujagusa fomu

Tenganisha mambo matatu kichwani, maana meneja na bodi watakuuliza na ukiyachanganya utajibu vibaya.

Kuna kipengele kilichotangazwa kustaafu. Hicho bado kinafanya kazi, ila kinatoa onyo kwamba siku zake zinahesabika. Kuna kilichoondolewa: ukikiita, programu inasimama papo hapo. Halafu kuna kilichobadilika tabia kimyakimya. Kinaendelea kufanya kazi bila onyo na bila kusimama, lakini jibu linalotoka si lile la jana.

Mfano mzuri wa safari ya kipengele ni njia ya zamani ya kuhakiki nywila kwenye MySQL, inayoitwa mysql_native_password. Kuanzia 8.0.34 ilitangazwa kustaafu, kwenye 8.4 ikazimwa hadi uiwashe mwenyewe, na kwenye 9.0 ikaondolewa kabisa. Mwenye nyumba alibisha hodi mara tatu. Anayesoma maelezo ya kila toleo anakuwa na muda wa kufungasha; anayeruka matoleo bila kusoma anakuta mlango umeshafungwa.

Kutengeneza orodha

Hapa ndipo nilipopoteza wiki 5, na hapa ndipo ninakuomba utulie.

Soma maelezo ya kila toleo lililo kati ya pale ulipo na pale unapokwenda, usisome la mwisho peke yake. Kutoka PHP 7.2 hadi 8.3 unapita 7.3, 7.4, 8.0, 8.1 na 8.2. Kitu kilichotangazwa kustaafu kwenye 7.2 kimeondolewa kwenye 8.0, na ukisoma ukurasa wa 8.3 tu hutakiona kabisa, maana kwao hiyo ni habari ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwa each() na create_function(). Kodi yetu, yaani maandishi ya programu, ilikuwa imejaa zote mbili.

Kuzitafuta kuna mtego wake. Nilipotafuta neno each( kwenye mafaili, nilipata mistari zaidi ya elfu moja, kwa sababu kila foreach( nayo ilikuja. Tafuta neno zima kwa amri grep -rnw each, hapo orodha inapungua hadi kitu unachoweza kukipitia kwa jicho. Usitegemee php -l pia: yenyewe inaangalia kama sentensi za kodi zimekaa sawa, haikuambii kwamba unaita kitu ambacho hakipo tena. Tumia seti ya kanuni inayoitwa PHPCompatibility, uipe toleo unalokwenda, uache ipite mafaili yote.

Upande wa MySQL kuna kikaguzi kinachokuja na MySQL Shell, util.checkForServerUpgrade(). Kiendeshe juu ya seva ya zamani kabla ya yote. Mara ya kwanza sikukiendesha. Kingeniambia jambo lile lile lililotuangusha: neno groups limekuwa neno la mfumo kuanzia 8.0, na sisi jedwali letu la vikundi, aliloliunda fundi wa kwanza miaka hiyo, linaitwa groups. Swali lolote la databesi (query) lililolitaja bila alama za kulizungushia lilikataliwa. Neno rank nalo ni hivyo hivyo, kwa wale wanaohifadhi nafasi au vyeo kwa jina hilo. Lakini kumbuka kikaguzi hakisomi maswali yaliyoandikwa ndani ya kodi yako. Kikikutajia jina, kazi ya kulisaka kwenye mafaili ni yako.

Fungua pia faili la mipangilio la MySQL. Letu lilikuwa na mstari wa query_cache_size. Huo ni wa akiba ya maswali (query cache), ambayo imeondolewa kwenye 8.0, na MySQL ikikuta mstari huo inagoma hata kuwaka. Kwenye sql_mode, ukiona NO_AUTO_CREATE_USER, futa, nayo imeondolewa.

Sasa yale yaliyobadilika kimya, ambayo hakuna chombo kitakachokuorodheshea kikamilifu. Mawili yalitugusa.

La kwanza ni mpangilio. Zamani MySQL ukiiambia ipange kwa makundi kwa GROUP BY, ilikuletea matokeo yamepangwa kwa mfuatano hata kama hukuomba. Kwenye 8.0 haifanyi hivyo tena; ukitaka mfuatano, andika ORDER BY. Mhasibu wetu kila mwisho wa mwezi alikuwa ananakili safu ya jumla kutoka kwenye ripoti na kuibandika kwenye Excel pembeni ya majina ya vikundi aliyoyaandika mwenyewe zamani. Kwenye majaribio, jumla zilikuwa sahihi zote, ila zilikuja kwa mfuatano mwingine, na akiba ya kikundi cha Iyunga ikakaa mbele ya jina la kikundi cha Itende. Alisimama, akavua miwani, akasema, "Hawa wa Itende hawajawahi kufika kiwango hiki." Dada yule alituokoa kwa kuwajua wanachama wake. Ripoti yenyewe haikuonesha kasoro hata moja.

La pili ni ulinganisho. PHP 7 ilikubali kwamba maandishi matupu ni sawa na sifuri. PHP 8 inakataa. Kisanduku cha siku za kuchelewa kilichoachwa wazi kilikuwa kinahifadhiwa kama maandishi matupu, na kodi ilisema: kama ni sawa na 0, huyu hajachelewa. Kwenye seva ya majaribio watu waliolipa kwa wakati wakaanza kutokea kwenye orodha ya wachelewaji. Mwanachama aliyelipa vizuri miaka yote ukimpelekea barua ya kumkumbusha deni umemvunjia heshima mbele ya wadhamini wake, na hilo halirudishwi kwa kurekebisha mstari wa kodi.

Waulize wanaoutumia

Unaweza kudhani unajua nani anaingia kwenye databesi. Andika kwenye seva ya zamani: SELECT user, host FROM performance_schema.accounts. Itakupa kila akaunti iliyounganishwa tangu seva iwashwe, na kompyuta ilikotokea. Kwetu ilitokea anwani ya Tukuyu ambayo haikuwa kwenye kumbukumbu zangu. Nilipanda gari asubuhi nikaenda, nikamkuta afisa mikopo ana faili la Excel linalovuta data moja kwa moja kwa kiunganishi cha zamani, aliwekewa na kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeshaondoka. Anaandaa nalo orodha ya mikopo ya wakulima wa chai kila Ijumaa.

Faili lile lingekufa siku ya kuhama. Akaunti mpya kwenye 8.0 zinaundwa kwa njia mpya ya kuhakiki, caching_sha2_password, na kiunganishi cha zamani hakiielewi. Dawa ni kumwekea kiunganishi kipya kabla, si kurudisha njia ya zamani ambayo umeshaona inakoelekea.

Usitosheke na kumbukumbu za mwezi mmoja. Kuna kurasa zinazofunguliwa mara moja kwa mwaka: hesabu ya gawio, taarifa za mkutano mkuu, ripoti ya mkaguzi. Hizo huzioni popote hadi umuulize mtu. Nenda mezani kwake, mwambie, "Kaka, nioneshe unavyofunga mwaka," ukae naye hadi amalize.

Kuandika dokezo

Sehemu za kawaida unazijua: yah, utangulizi, maombi, gharama. Nitasema lile tu lililobadilisha majibu ya bodi mara ya pili.

Orodha yako iweke kama kiambatisho chenye safu hizi: kipengele, hali yake (kimestaafishwa, kimeondolewa, kimebadilika), ni nani atakayeumia, dawa yake, nani anatengeneza, na tarehe ya mwisho. Safu ya tatu iandike kwa lugha ya ofisi. Mimi awali niliandika "jedwali la groups", na dokezo likarudi na maneno ya meneja pembeni: "Fafanua." Nilipoandika "makarani hawataweza kupokea marejesho ya vikundi", alisaini siku hiyo hiyo na akaniita nimweleze mengine.

Kila mstari upate saini ya mtu wa idara inayoguswa, si ya kwako peke yako. Mhasibu asaini ripoti zake, afisa mikopo asaini za kwake, baada ya kuziona kwenye seva ya majaribio zikiwa na data halisi za mwezi uliopita. Wengine watakuambia wana kazi nyingi. Subiri. Mimi nilisubiri saini moja siku 9, na ni katika siku hizo ndipo ile orodha ya wachelewaji ilipogundulika.

Kama kodi inatunzwa na mzabuni, mwombe kwa barua aseme kwa maandishi programu yake imejaribiwa kwenye matoleo gani, kwa namba. Jibu la simu la "itakubali tu, bosi" lisiingie kwenye faili. Peleka nakala mbili masijala, moja igongwe muhuri ubaki nayo.

Omba fedha za seva ya pili. Msishindane na hili. Kuhama juu ya seva ile ile ni kujifungia njia, maana databesi ikishapanda MySQL 8.0 hairudi 5.7; kinachorudi ni bakapu tu. Seva mpya pembeni, ya zamani imefungwa isiandikwe kitu kipya lakini iko hai: hiyo ndiyo njia ya kurudi mliyonayo.

Tarehe

Epuka mwisho wa mwezi, wiki za ada za shule za Januari, na msimu wenu wa malipo ya mazao. Kwa hapa kwetu epuka pia miezi ya radi, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Umeme ukikatika katikati ya kurudisha bakapu kubwa unaanza upya. Sisi mara ya pili tulichukua Jumamosi ya wiki ya pili ya Agosti, saa tatu usiku.

Kwenye dokezo andika saa ya uamuzi. Yetu ilikuwa Jumapili saa sita mchana: kama jumla ya akiba, jumla ya mikopo na idadi ya wanachama hazilingani seva zote mbili hadi shilingi ya mwisho, tunarudi, na hakuna wa kujadili. Mtaje kwa cheo atakayetoa uamuzi huo. Usiku wa manane mtu aliyechoka hujiambia tofauti ni ndogo.

Baada ya kuhama

Washa kumbukumbu za maonyo kwenye PHP ziandikwe kwenye faili, zisitokee kwenye kioo cha karani, na uzisome kila asubuhi kwa mwezi mzima wa kwanza. Yetu ilijaa maonyo ya sifa zinazoundwa kwenye vitu vya kodi bila kutangazwa (dynamic properties). Hilo lilitangazwa kustaafu kwenye PHP 8.2 na limepangwa kuwa kosa kwenye PHP 9.0. Hiyo ndiyo mistari ya kwanza ya orodha yetu ijayo.

Faili usilifunge. Nimeliacha masijala na karatasi juu yake: PHP 8.3 inapokea viraka vya usalama hadi mwisho wa 2027, Ubuntu 24.04 ina matunzo ya kawaida hadi 2029. Chini yake nimeandika mwezi ambao karani wa masijala anatakiwa kulileta mezani kwa atakayekuwa kwenye kiti changu, mwaka mmoja kabla ya kila tarehe.