Kuunga na Kurefusha Kebo ya Mtandao Nyumbani

Kebo ya mtandao inapopungua mita 2 tu kuifikia kompyuta, wengi hushawishika kuikata, kuzisokota nyaya kwa vidole na kuzizungushia utepe, kama wafanyavyo kwa waya wa taa. Kiungo cha namna hiyo huweza kupitisha mawasiliano, na hapo ndipo kinapomdanganya mtu. Ndani ya kebo mna nyaya 8 zilizosokotwa jozi 4, na msokoto huo ndio unaopunguza mwingiliano kati ya jozi na jozi. Kwa kuwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2 tu, ilhali gigabiti 1 huhitaji zote 4, kebo iliyoungwa ovyo huendelea kufanya kazi kwa sehemu moja ya kumi ya kasi yake, huku mwenye nyumba akimlaumu mtoa huduma.

Kama inawezekana, usiunge kabisa. Weka kebo moja ndefu zaidi. Isipowezekana, tumia kiunganishi chenye tundu la RJ45, yaani lile la kuchomekea plagi ya kebo ya mtandao, kila upande, kilicho cha daraja sawa na kebo yako, yaani Cat5e au Cat6, kisha chomeka plagi huku na huku.

Kebo iliyokatika katikati huhitaji kwanza plagi mpya katika ncha zote mbili. Menya ganda la nje kama sentimita 3 bila kukwaruza nyaya, zinyooshe, kisha zipange ukiwa umeishika plagi kidoko, yaani kile kiulimi cha plastiki kinachoishikilia tunduni, kikiwa chini na mdomo wa kuingizia nyaya ukikuelekea. Kuanzia kushoto, mpangilio wa rangi uitwao T568B ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zikate ncha ziwe sawa, zikibaki takriban milimita 13, kisha zisukume mpaka zigonge mwisho wa plagi. Ganda la nje nalo lazima liingie ndani ili libanwe, la sivyo nyaya zitachomoka siku kebo itakapovutwa. Hapo ndipo ubane kwa koleo la kubania plagi.

Pima kebo kwa kipimo cha taa 8; taa zikiwaka kwa mfuatano, nyaya zimeungana sawa. Kipimo hicho cha kawaida, hata hivyo, hakigundui jozi zilizochanganywa ikiwa makosa ni yale yale ncha zote mbili, kwa hiyo rangi zikague kwa macho pia.

Urefu wote, pamoja na vipande vilivyoungwa, usizidi mita 100. Kiunganishi hakiongezi nguvu ya mawimbi. Swichi ndogo ya mtandao yenye umeme wake ndiyo huyapokea na kuyatuma upya, na kutoka hapo unaanza kuhesabu mita 100 nyingine. Kiungo chenyewe kiache mahali pakavu unapoweza kupafikia, si ndani ya ukuta uliopigwa plasta.