Demio ya dizeli inakula kiasi gani kweli? Namna ya kupima mwenyewe na kushusha matumizi

Swali la "hii Demio ya dizeli inaenda kilometa ngapi kwa lita" haliishi, na majibu yake yanaanzia 12 mpaka 30, na kila anayejibu ana uhakika wa asilimia mia. Wengi wala hawadanganyi, ni vile tu kila mtu kapima kivyake, huyu kasoma dashibodi akiwa anateleza kati ya Chalinze na Morogoro, yule katia ya elfu thelathini taa ikiwa imewaka akahesabu mpaka ilipowaka tena. Sasa hapa naeleza kupima ambako namba ukiipata unaweza kuisimamia, halafu nini hasa kinakula mafuta kwenye hii gari kwa mizunguko yetu ya Dar, maana dizeli ndogo ya kisasa ina tabia zake na ukiiendesha kama Vitz hutaona faida yake.

Gari ninayoizungumzia ni Mazda Demio ile iliyotoka Japani 2014, injini ya SkyActiv-D ya cc 1,498 yenye taabo, ambayo mwaka 2019 hukohuko Japani wakaibadilisha jina ikawa Mazda2. CX-3 za mwanzo zina injini hiyohiyo kwa hiyo na wewe wa CX-3 endelea kusoma, ila namba zako zitakuwa chini kidogo kwa sababu mwili ni mzito na mrefu.

Kwanza tuondoe ile namba ya kwenye makaratasi. Japani waliiandika kilometa 30 kwa lita ya gia za mkono na 26.4 ya otomatiki inayovutwa na tairi mbili, kwa kipimo chao cha wakati ule kinaitwa JC08. Kipimo hicho kinafanyika ndani ya jengo gari ikiwa juu ya magurudumu ya chuma, safari ni kama kilometa 8, spidi ya wastani ni kama 24 kwa saa na ya juu kabisa haizidi 82, AC imezimwa. Hakuna matuta, hakuna bodaboda wa kukukatisha, hakuna jua la saa nane mchana. Namba ile inafaa kulinganisha gari na gari, Demio na Fit, basi. Ukiitumia kupanga bajeti ya mwezi utalia.

Haya, kupima. Njia ni ya tenki kwa tenki na kila mtu anadhani anaijua. Jaza mpaka mashine ijikate yenyewe, andika kilometa za odo (usizifute wala usitegemee tripu peke yake), endesha kama kawaida yako, rudi ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Mfano odo ilikuwa 84,210 sasa inasoma 84,742, umekwenda kilometa 532, zimeingia lita 29.3, gawanya unapata 18.2 kwa lita. Rahisi.

Shida iko kwenye kujaza. Dizeli inatoa povu, tena pampu ikisukuma kwa nguvu povu linapanda kwenye shingo la tenki na nozo inajikata wakati bado kuna nafasi, lita moja au mbili hazijaingia. Mwambie jamaa wa sheli asukume taratibu, ikijikata msubiri povu lishuke muendelee mpaka ijikate mara ya pili, hapo simama, usianze kulazimisha mpaka mdomoni. Na kila mara fanya hivyohivyo, ikiwezekana sheli ileile, pampu ileile, gari imesimama upande uleule. Ukikosea lita mbili kwenye tenki moja la lita 25 jibu lako limepotea kwa asilimia 8, lakini ukikosea lita mbili hizohizo kwenye jumla ya lita 150 ni kitu kidogo sana, ndiyo maana tenki moja halitoshi, pima matenki kadhaa mfululizo.

Najua wengi hatujazi, tunatia ya ishirini, ya thelathini. Haina shida! Anza na tenki lililojaa, katikati tia kwa hela unavyoweza ila tunza risiti za EFD kwa sababu lita zimeandikwa pale, mwisho wa mwezi jaza tena mpaka ijikate. Jumlisha lita zote za katikati na hiyo ya mwisho, ile ya kujazia mwanzo usiihesabu. Kilometa zote gawanya kwa lita zote.

Na hapa kuna mtego wa hesabu unaokamata hata watu makini. Mtu anasema mjini napata 12, safari napata 24, kwa hiyo wastani wangu 18. Hapana. Chukua kilometa 240 za mjini, ni lita 20. Kilometa 240 za safari, lita 10. Jumla kilometa 480 kwa lita 30, ni 16 kwa lita. Mjini ndiko mafuta yanakoishia kwa hiyo mjini ndiko kunakoamua wastani wako, safari moja nzuri ya Moro haiwezi kukuokoa.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujaamini odo ni tairi. Gari inakuja na 185/65R15 au 185/60R16 kutegemea toleo. Mtu akikufungia 195/65R15 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, mzunguko wa tairi unakuwa mkubwa kwa kama asilimia 2, odo inasoma pungufu na wewe unaona gari imeanza kula kumbe inatembea zaidi ya inavyosema. Kuhakiki ni rahisi, ukiwa barabara kuu linganisha na vibao vya kilometa au ramani ya simu kwa umbali wa kama kilometa 50. Na ile namba ya wastani kwenye dashibodi itumie kuona mwelekeo tu, leo vizuri leo vibaya, mara nyingi inajipendelea kuliko pampu inavyosema.

Sasa utegemee nini? Otomatiki nzima, isiyo na matatizo, kwa ninavyoona mimi, foleni ya kweli ya Kimara–Posta asubuhi na jioni na AC ikiwaka ni 13 mpaka 16. Mchanganyiko wa kawaida 16 mpaka 19. Barabara kuu ukitulia kwenye 80 mpaka 90, 21 mpaka 25. Anayekwambia 28 kila siku mjini muulize kapimaje.

Tuje kwenye kushusha matumizi, na hapa nakaa zaidi kwenye kitu kimoja kwa sababu ndicho kinachoharibu hizi gari nyingi: DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi yanajikusanya humo na baada ya kilometa kadhaa injini inajichoma yenyewe kuyasafisha, yaani inapiga dizeli ya ziada ili ekzosi iwe moto sana masizi yaungue. Ukiwa makini utaijua, sailensa (mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama) inapanda kidogo, i-stop, ule mfumo wa kuzima injini yenyewe ukisimama, inagoma kuizima kwenye taa, namba ya matumizi ya papo hapo inakuwa mbaya ghafla bila sababu. Ikiwa katikati ya kazi hiyo wewe ukafika nyumbani ukazima, dizeli yote ile imepotea bure na kesho inaanza tena. Mtu ambaye safari zake zote ni Sinza–Mwenge, kilometa nne kwenda nne kurudi, anachoma hivyo wiki nzima bila kumaliza hata mara moja, halafu anasema Demio inabugia. Mbaya zaidi sehemu ya ile dizeli inashuka kwenye oili. Chomoa dipstiki uangalie kama oili inapanda badala ya kushuka, dipstiki ya injini hii ina alama ya X juu ya ile ya kujaa, ikifika hapo oili imwagwe, usingoje kilometa zitimie.

Dawa yake ni kuipa gari safari ya kueleweka mara moja kwa wiki angalau, injini ikishapata moto endesha robo saa mpaka dakika ishirini bila kusimama-simama, Bagamoyo Road alfajiri ya Jumapili inatosha kabisa. Na ukihisi imeanza kujichoma na uko karibu na kufika, zunguka kidogo imalize. Wanaokushauri utoboe DPF uachane nayo usiwasikilize, kompyuta isipobadilishwa itaendelea kupiga dizeli ya kuchoma chujio ambalo halipo, na moshi mweusi wanavuta watoto wa mtaani kwako.

Hapohapo kwenye oili, hii injini inataka oili ya majivu machache, Japani wanaiita DL-1, kwa kopo za Ulaya tafuta maandishi ACEA C3, uzito 0W-30 au 5W-30. Ile 15W-40 ya maroli ni nzito, inakula mafuta kwa msuguano na majivu yake yanabaki kwenye DPF moja kwa moja, hayaungui kama masizi. Usikubali fundi akwambie "dizeli ni dizeli".

Uendeshaji wenyewe: kwenye otomatiki mvuto wote wa Nm 250 unao tayari kwenye mizunguko 1500 mpaka 2500, kwa hiyo hakuna sababu ya kukanyaga mpaka 4000 kutoka kwenye taa. Kanyaga wastani, acha ipande gia mapema, itakuvuta tu. Ukiona mbele wamesimama ondoa mguu mapema ukiwa kwenye D, injini inakata mafuta kabisa wakati gari inajisukuma yenyewe, ukiweka free kama wanavyofanya wengi mteremkoni injini inarudi kunywa ya sailensa na breki unazichosha. Barabara kuu ni spidi tu, upepo unaokurudisha nyuma ukiwa 110 unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa 80, na keria tupu juu inaongeza, ishushe kama huitumii.

Upepo wa tairi angalia kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa za baridi. AC kwenye foleni itakula na hakuna ujanja, joto la Dar huliwezi, ila pale unaposubiri mtu nusu saa gari inaunguruma, hiyo peke yake inaonekana kwenye hesabu ya mwezi. i-stop kama haifanyi kazi kabisa angalia betri, wengi wamefungiwa betri ya kawaida na hii gari inataka ya kuhimili kuwashwa mara nyingi, bei ipo juu lakini ndiyo yenyewe.

Mafuta yenyewe tia sheli yenye wateja wengi na risiti. Dizeli yetu Afrika Mashariki tangu 2015 kiwango chake ni salfa isiyozidi 50 kwa milioni, Japani ni 10, kwa hiyo ubora wake tayari uko chini ya ile ambayo gari iliizoea, ikichanganywa na mafuta ya taa ndiyo kabisa, nguvu inapungua na pampu ya presha inakosa ulainisho. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, zinatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, sheli inayouza chini sana ya wenzake wote jiulize.

Ukishakuwa na namba yako ya miezi miwili mitatu, ikishuka ghafla kwa zaidi ya kilometa mbili kwa lita na njia zako hazijabadilika, usikimbilie kununua nozeli. Anza na upepo wa tairi, kisha breki kama kuna inayoshika (gusa rimu ukifika, ikiwa ya moto kuliko wenzake umeipata), filta ya hewa, filta ya dizeli, halafu ndiyo umpe fundi mwenye mashine asome DPF ina masizi kiasi gani na inajichoma kila baada ya kilometa ngapi. Kama inajichoma kila kilometa mia au chini ya hapo, mwambie afungue njia ya hewa na EGR (ile valvu inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini) aangalie uchafu kwanza, kabla hamjazungumzia kubadilisha kitu chochote cha bei.