Jinsi ya Kubuni Gari la Majaribio Linalojibu Swali Moja

Wengi wanaotaka kubuni gari lisilo la kawaida huanza kwa kuchora umbo la nje, yaani pua ndefu, matairi makubwa na milango inayofunguka kuelekea juu, kisha ndipo hutafuta mahali pa kumkalisha dereva. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine. Magari ya majaribio ambayo hadi leo yana la kumfundisha mbunifu yalitokana na swali moja linaloweza kujibiwa kwa kupima, na umbo likafuata baadaye. Hatua zinazoelezwa hapa zinaweza kufuatwa na mwanafunzi wa chuo cha ufundi, fundi wa gereji au mtu yeyote mwenye rula, kadibodi na subira, na sehemu kubwa ya kazi hukamilika kabla hakijakatwa chuma chochote.

Andika swali kabla ya kuchora

Swali linalofaa huwa fupi na hugusa jambo moja. Mwaka 2008 BMW ilionyesha gari liitwalo GINA, ambalo bodi yake ilikuwa kitambaa kinachonyumbulika kilichovutwa juu ya fremu ya chuma. Kikundi cha wabunifu kilichoongozwa na Chris Bangle kilitaka kujua kama ni lazima bodi ya gari iwe bati gumu. Vyuma vilivyosogea chini ya kitambaa vilibadilisha umbo la gari, na taa za mbele zilifunuka kama macho yanayofumbuliwa. Gari hilo halikuuzwa kamwe, na halikuhitaji kuuzwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuonyesha ni kwa kiasi gani vipande vya bodi vinaweza kupunguzwa. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari dogo la umeme lenye viti viwili. Swali lake lilikuwa tofauti kabisa: je, wanafunzi na wahadhiri wa Uganda wanaweza kubuni na kuunda gari la umeme nyumbani? Kazi hiyo iliendelea hadi kwenye basi la Kayoola la mwaka 2016, lenye paneli za jua juu ya paa.

Tahadhari ichukuliwe dhidi ya swali linalosimama juu ya kitu ambacho hakipo. Mwaka 1958 Ford ilitoa modeli ya gari la Nucleon, lililotarajiwa kuendeshwa na kinu kidogo cha nyuklia kilichowekwa nyuma. Wazo hilo lilitegemea kinu chepesi chenye kinga nyepesi dhidi ya mionzi, na kwa kuwa kinu cha namna hiyo hakikuwepo wala hakipo sasa, kazi iliishia kwenye modeli iliyopunguzwa na hapakuwa na chochote cha kupima. Kwa hiyo, chini ya swali lako, orodhesha mambo yote unayoyachukulia kuwa yanawezekana. Jambo lolote linalohitaji kifaa ambacho huwezi kukinunua, kukiazima au kukitengeneza liondolewe, au swali lenyewe lipunguzwe. Mfano wa swali zuri ni huu: je, gari la watu wawili na mzigo wa kilo 300 linaweza kwenda kilomita 60 kwa siku mjini kwa betri inayochajiwa usiku mmoja nyumbani? Kila neno muhimu katika swali hilo lina kipimo chake.

Panga watu, mzigo na magurudumu

Mchoro wa kwanza uwe wa upande, katika kipimo cha 1 kwa 10, na uwe na mambo manne tu: watu waliokaa, mzigo, magurudumu na chanzo cha nguvu. Mstari wa paa usichorwe bado. Pima watu halisi, mmoja mrefu na mmoja mfupi, wakiwa wamekaa kwenye kiti cha gari. Andika urefu kutoka kwenye kalio hadi utosini, kutoka kwenye kalio hadi kisigino, na kimo cha macho. Baada ya hapo, tengeneza chumba cha abiria cha ukubwa kamili kwa kadibodi na mbao, weka viti vya zamani ndani yake, na uwaombe watu waingie na kutoka mara nyingi, akiwemo mzee, mwanamke aliyevaa kanga na mtu aliyebeba mtoto. Siku moja ya zoezi hili itakuonyesha makosa ambayo mchoro ungeyaficha kwa miezi.

Historia imejaa wabunifu mahiri walioipita hatua hii haraka. Edmund Rumpler alionyesha gari lake la umbo la tone la maji mjini Berlin mwaka 1921, na lilipopimwa na Volkswagen mwaka 1979 kwenye handaki la upepo, yaani chumba ambamo hewa hupulizwa kulizunguka gari, koefisienti yake ya ukinzani wa hewa (namba inayoonyesha jinsi hewa inavyolizuia umbo, na ikiwa ndogo ni bora) ilikuwa 0.28, kiwango ambacho magari mengi ya miaka ya 1970 hayakukifikia. Hata hivyo, gari hilo halikuwa na nafasi ya kutosha ya mizigo, injini yake ilisumbua kwa joto, na mauzo yakawa madogo. Lancia Stratos Zero, iliyochorwa na Marcello Gandini katika kampuni ya Bertone mwaka 1970, ilikuwa na kimo cha sentimita 84 tu, na dereva aliingia kwa kufungua kioo cha mbele na kukanyaga pua ya gari. Hapo swali lilikuwa ni chini kiasi gani gari linaweza kushuka, na jibu lilipatikana. Lancia ilipotengeneza Stratos ya mashindano ililipatia gari hilo milango ya kawaida, nalo likashika nafasi ya pili na ya tatu katika Safari Rally ya mwaka 1975 nyuma ya Peugeot 504, ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kuliko kiganja chao.

Gari ninalolipendekeza zaidi kwa mwanafunzi wa mpangilio ni OX, lori jepesi lililobuniwa na Gordon Murray wa Uingereza kwa ajili ya maeneo ya vijijini yenye barabara mbovu. Linasafirishwa likiwa vipande vilivyofungashwa, magari sita katika kontena moja la futi 40, na huunganishwa linakopelekwa. Dereva anakaa katikati, jambo linaloondoa haja ya kutengeneza usukani wa kulia kwa Kenya, Uganda na Tanzania na wa kushoto kwa Rwanda, Burundi na Kongo. Mlango wa nyuma hubanduliwa na kuwa ngazi ya kupakilia mizigo, na sehemu za viti virefu hutandikwa chini ya matairi gari likinasa mchangani. Linganisha mchoro wako na gari hilo, kisha jiulize ni vipande vingapi vya gari lako vinafanya kazi moja tu.

Ukichagua magurudumu matatu

Wabunifu wengi huvutiwa na magurudumu matatu kwa sababu yanapunguza uzito na gharama, lakini hapa ndipo hatari ya kweli ilipo, na sehemu hii isisomwe kwa pupa. Buckminster Fuller alitengeneza magari matatu ya Dymaxion nchini Marekani kuanzia mwaka 1933. Yalikuwa marefu, yalibeba watu wengi, na yaliongozwa kwa gurudumu moja la nyuma. Mpangilio huo uliyawezesha kugeuka mahali padogo sana, lakini katika mwendo kasi na kwenye upepo wa ubavuni yalikuwa magumu kudhibiti, na mwaka huohuo wa 1933 moja lilihusika katika ajali mjini Chicago iliyomuua dereva wake. Gurudumu la nyuma lisitumike kuongoza gari linalokusudiwa kwenda kasi.

Uwezekano wa gari la magurudumu matatu kupinduka kwenye kona hukadiriwa hivi. Chukua nusu ya upana kati ya magurudumu mawili, uizidishe kwa sehemu ya urefu kati ya gurudumu pweke na ekseli ya magurudumu mawili, ile inayotoka gurudumu pweke hadi kitovu cha uzito (mahali uzito wa gari unaposawazika), kisha ugawanye kwa kimo cha kitovu hicho kutoka ardhini. Tuseme upana ni mita 1.2, kitovu cha uzito kiko asilimia 70 ya urefu kutoka gurudumu pweke, na kimo chake ni mita 0.5. Jibu ni 0.6 mara 0.7 gawa kwa 0.5, yaani 0.84. Kadiri jibu linavyokuwa dogo, ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi. Hesabu ileile inaonyesha tiba: sogeza betri na abiria karibu na ekseli yenye magurudumu mawili, na uziweke betri chini kabisa. Iwapo magurudumu mawili yako mbele, kufunga breki kwenye kona hakutaongeza sana hatari ya kupinduka, kwa kuwa uzito unasogea kuelekea upande ulio mpana.

Amua adui wako ni hewa au uzito

Magari mengi ya maonyesho yamechongwa kushinda hewa, na mafanikio yake yanastahili heshima. Mwaka 2005 Mercedes-Benz ilionyesha gari la Bionic, lililofuata umbo la samaki mwenye mwili wa sanduku anayeishi kwenye matumbawe, yakiwemo ya bahari yetu. Modeli ya samaki ilikuwa na koefisienti ya takriban 0.06, na gari kamili lilifika 0.19. Lakini kabla ya kuiga umbo hilo, fanya hesabu ya safari ambayo gari lako litafanya.

Chukua gari la kilo 1,000, lenye uso wa mbele wa mita 2 za mraba na koefisienti ya 0.30. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nguvu inayohitajika kuisukuma hewa ni karibu kilowati 4, na ukiishusha koefisienti hadi 0.19 itakuwa kilowati 2.5. Huo ni uokoaji mkubwa kwa gari la safari ndefu. Sasa lipeleke gari hilohilo mjini, likiwa linaenda kilomita 40 kwa saa na kusimama kila baada ya mita 500. Kuliondoa kutoka kusimama hadi mwendo huo kunahitaji takriban kilojuli 62, msuguano wa matairi kwenye lami unachukua kama 50 katika mita hizo 500, na hewa haizidi 22. Kwa hiyo, mbunifu wa teksi au gari la kusambaza bidhaa mjini anayetumia mwaka mzima kuchonga mkia wa samaki anashughulika na sehemu ndogo kuliko zote. Kupunguza kilo 200 na kuweka mota inayorudisha nishati kwenye betri wakati wa kufunga breki kutamfaa zaidi.

Chonga modeli, kisha lipime gari lenyewe

Umbo likishaamuliwa, chonga modeli ya kipimo cha 1 kwa 10 au, ukiwa na nafasi, 1 kwa 4. Studio za magari hutumia udongo wa viwandani wenye nta unaopashwa moto ili ulainike, mbinu iliyoenezwa General Motors na Harley Earl, ambaye gari lake la Buick Y-Job la mwaka 1938 huhesabiwa na wengi kuwa gari la kwanza la maonyesho. Pasipo udongo huo, tumia udongo wa ufinyanzi juu ya kiini cha foomu ngumu au mbao, tabaka la sentimita 2 hadi 3, na uufunike kwa kitambaa kibichi kila jioni ili usipasuke. Kata vigezo vya kadibodi vinavyofuata umbo la upande mmoja, kisha uvigeuze kukagua upande wa pili. Macho hayaaminiki katika kulinganisha pande mbili.

Nyuzi fupi za sufu zilizobandikwa kwenye modeli mbele ya feni kubwa zitaonyesha mahali hewa inapolala vizuri na mahali inapovurugika. Kipimo hicho hulinganisha umbo moja na jingine tu, kwa sababu hewa haiitendei modeli ndogo kama inavyolitendea gari kubwa. Namba halisi hupatikana kwa gari kamili, hata kama bodi yake ni ya plaiwudi juu ya chesisi na ekseli za gari la zamani. Kwenye uwanja tambarare uliofungwa, siku isiyo na upepo, fikisha mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, weka gia huru na upime sekunde zinazopita kutoka 60 hadi 50, halafu kutoka 30 hadi 20, katika pande zote mbili. Gari la kilo 800 linalochukua sekunde 12 katika kipimo cha kwanza na 20 katika cha pili linazuiwa kwa takriban nyutoni 185 na 111. Tofauti kati ya namba hizo, nyutoni 74, inatokana zaidi na hewa, na sehemu kubwa ya nyutoni 111 zinazobaki ni ya matairi na beringi. Breki zijaribiwe kabla ya zoezi hili, gari likiwa na mzigo kamili, na dereva avae kofia ngumu na mkanda.

Mwishowe, gari likabidhiwe kwa watu wasiolijua. Kati ya 1963 na 1966 Chrysler iliwapa watu 203 magari 50 yenye injini ya tabaini, yaani inayozungushwa na gesi ya moto, kwa zamu za miezi mitatu. Watumiaji walisifu ulaini wa injini na kutohitaji kwake matengenezo mengi, wakalalamikia ulaji wa mafuta na kuchelewa kwa gari kuitikia pedali. Wahandisi walikuwa wakizijua kasoro hizo, lakini wenye magari ndio walioonyesha zipi zinavumilika na zipi hazivumiliki. Fanya vivyo hivyo kwa kiwango chako: dereva mmoja wa bajaji, mama mmoja wa sokoni na kijana mmoja wa kusambaza vifurushi, kila mmoja ndani ya eneo lililofungwa hadi mamlaka za usalama barabarani zitakapolikagua gari na kuliruhusu. Usiwaeleze faida zake kabla hawajaliendesha. Waulize walipakia nini, nini kiliwachosha, na wangelipia kiasi gani kulikodi kwa siku, kisha yaandike majibu yao chini ya swali uliloanza nalo, kwenye karatasi ileile.